Gari Lililolishwa Upepo

Juzi nilikuwa kwenye foleni, watoto wangu wakigombania dirisha huko nyuma, gari la mbele yetu likaanza kulia. Kilikuwa kilio chembamba cha mkanda wa injini unaoteleza kwenye puli, na baada yake ikaja harufu: mpira ulioungua, umechanganyika na oili iliyodondokea kwenye chuma cha moto. Watoto wakaziba pua. Mimi nikashusha kioo mpaka chini. Binti yangu akaniuliza, "Mama, una nini?" Ningemjibu nini? Kwamba kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya furaha, kuliko pilau, kuliko nguo mpya ya Krismasi? Foleni ikasogea, wenye haraka zao wakanipigia honi, na mimi nikabaki nimetoa pua dirishani.

Tulikaa Bugarika, Mwanza, juu kabisa, kule ambako nyumba zimebanwa katikati ya mawe na jirani wa chini akiunguza maharage wewe wa juu unajua kabla yake. Baba alikuwa wakala wa sangara. Alinunua samaki kwa wavuvi mwaloni, ufukweni mitumbwi inakotia nanga, akawapelekea wenye viwanda vya minofu. Ninyi wa umri wangu mnaikumbuka miaka ile. Maduka ambayo tangu tuzaliwe tuliyaona na rafu tupu yakaanza kujaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na magari yaliyotumika Japani, yakazungukia Dubai, yakaanza kufika yakiwa na maandishi ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuyasoma. Mtu uliyemwona juzi akikokota baiskeli, leo anakupigia honi. Baba yangu hakuwa mtu wa kupenda kupitwa.

Lakini hakununua gari ili ajionyeshe, ingawa wajomba zangu wanasema hivyo mpaka leo. Alinunua gari kwa sababu mdogo wangu hakuwa na jina.

Katika ukoo wetu mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina na mama mzaa baba, na jina hilo halitolewi popote tu. Linatolewa mlangoni kwa baba wa mtoto, bibi amekaa kwenye kizingiti, mtoto yuko mapajani mwake. Kabla ya hapo mtoto anaitwa Mgeni. Bibi yetu aliishi kijijini, ndani ya Magu, nje ya lami. Alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu na mpana, mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe, ila magoti yake yalikuwa yamevimba tangu nimjue. Mdogo wangu alipozaliwa, Bibi alipanda basi akaja na jogoo mmoja na mfuko wa pamba ya shambani kwake kwa ajili ya godoro la mjukuu. Akafikia Butimba kwa Shangazi Monika, dada yake baba, ambako ni tambarare. Na hapo akakwama.

Mlima wetu haukuwa na barabara. Ulikuwa na mfereji ambao maji ya mvua yalijichimbia wenyewe, na sisi binadamu tukaufuata. Teksi iliyojaribu kumpandisha Bibi ilifika kona ya kwanza, klachi ikatoa moshi, dereva akarudi kinyumenyume akimtaja Mungu. Vijana wa mtaa wakajitolea kumbeba kwenye kiti. Bibi akawatazama mmoja mmoja.

"Anayebebwa ni mgonjwa au maiti," akasema. "Mimi ni yupi kati ya hao?"

Shangazi Monika, ambaye hajawahi kukaa kimya muda wa kutosha kumeza mate, akapendekeza mtoto ashushwe Butimba apewe jina pale sebuleni kwake, yaishe. Mtoto alishushwa, Bibi akamshika, akamchezesha, akamnusa kichwani. Jina hakutoa. "Huyu yuko safarini," akasema. "Nitampa jina akiwa kwao." Akarudi Magu, akaacha maneno: mkipata njia, mniite.

Ikawa mtoto anakua bila jina. Akaanza kucheka, akaanza kukaa, na kwa kuwa alikuwa mnene na baba yake ni mtu wa samaki, watoto wa jirani wakaanza kumwita Sangara. Mama alilichukia jina hilo kuliko kitu chochote. Siku moja, akikuna nazi kwa hasira, nilimsikia akimwambia baba, "Mtoto akishaanza kuitikia Sangara, ndiyo basi tena. Na mama yako miguu inazidi. Akishindwa hata kupanda basi, mwanao ataenda shule anaitwa Sangara." Niliona hilo ndilo jambo zito kuliko yote duniani. Na pia nilimtaka Bibi, nilale naye kitanda kimoja kama tulivyolala Magu wakati wa likizo, mgongo wake ukinikinga na ukuta wa baridi.

Ndipo baba akaja na gari. Lilikuwa jeupe, refu, lenye viti vya kitambaa laini kama blanketi, na ndani lilinukia marashi ya nchi nyingine. Lilidumu na marashi hayo mpaka siku baba alipobeba sangara kwenye buti, jambo alilokuwa amemwapia mama kwamba halitatokea. Mfanyabiashara aliyemuuzia alimwambia kwamba gari hili si kama mengine, lina kifaa, linapanda ukuta. Baba akaliamini neno hilo lote, mpaka la ukuta.

Fundi wetu aliitwa Idrisa. Alikuwa mtu wa Ujiji aliyehamia Mwanza zamani, na gereji yake ilikuwa Igogo, chini ya mlima wetu, uwanja wa mchanga mweusi kwa oili na turubai moja la kuzuia jua. Siku ya kwanza baba alipofungua boneti, Fundi Idrisa alizunguka injini ile mara kadhaa bila kugusa kitu. Kisha akagonga kwa spana dude la aluminiamu lenye mbavu, lililokaa ubavuni mwa injini.

"Injini ya kawaida, Baba Kabula, inavuta upepo yenyewe," akasema. Kabula ni mimi. "Pistoni ikishuka, inavuta. Petroli bila upepo haiwaki. Sasa hii pampu haisubiri injini ivute, inaisukumia. Ndani mna mapanga mawili, yanazunguka yamekumbatiana lakini hayagusani. Yanazungushwa na mkanda huu unaotoka kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Upepo unaingia huku mlegevu, unatokea kule umeshindiliwa. Upepo ukizidi, unaongeza na petroli, nguvu inazidi."

"Ndiyo turbo hiyo," akasema baba, aliyekuwa amelisikia neno hilo mahali.

"Si turbo. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, mpaka injini ichangamke ndipo nayo iamke. Hii imefungwa na mkanda, ukikanyaga tu ipo. Kwa mlima wako, hii ndiyo yenyewe."

Mama alikuwa amesimama nyuma na Mgeni mgongoni. "Kwa hiyo ni kama mtoto anayenyweshwa uji kwa kiganja," akasema. "Atake, asitake, unaingia."

"Hapohapo, Mama Kabula."

Halafu akaniita mimi. Alichukua pampu ya baiskeli, akaziba tundu kwa kidole gumba, akapampu kwa nguvu, kisha akaniambia nishike ncha yake. Ilikuwa ya moto. Nikaruka nyuma, wote wakacheka. Akanieleza kwamba upepo ukibanwa unapata joto, na upepo wa moto unapungua nguvu, ndiyo maana wale Wajapani wakaweka rejeta nyingine ndogo ya kuupoza kabla haujaingia kwenye injini. Nikamuuliza upepo wote huo unatoka wapi.

"Unatoka hapahapa tunapovuta mimi na wewe," akasema. "Ila hili linakula mwingi kuliko magari mengine."

Hayo maneno niliondoka nayo. Hakuna aliyekuwa na nia ya kunidanganya, lakini nilipiga hesabu yangu ya kitoto nikaona mambo yote wazi: upepo ni mmoja, tuko ndani ya gari tunaukula, na gari nalo linauhitaji kwa ajili ya mlima. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo ya kijani. Baba akiendesha taratibu ilikuwa imezimika. Akikanyaga mafuta, pampu inajifunga na mkanda, taa inawaka, na chini ya boneti unaanza mluzi, mwembamba, unaopanda kadiri gari linavyopanda. Basi kila taa ya kijani ilipowaka, nilibana pumzi. Niliwafundisha na watoto wa jirani waliopewa lifti. Tulikuwa tunafika juu macho yametutoka, mashavu yamevimba, na tulipopumua wote kwa pamoja mlangoni kwetu tulijua kabisa kwamba bila sisi gari lisingefika. Nilikuwa sekondari nilipoelewa kwamba gari linavuta upepo wake nje, na hata siku hiyo sikufurahi kuelewa.

Na kweli lilipanda. Mara ya kwanza baba alipolipeleka juu, majirani walitoka wote. Liliipita ile kona ya teksi bila kukohoa, likapiga mluzi wake mpaka kwenye jiwe kubwa lililo mbele ya nyumba yetu, na baba akashuka akijifanya mtu wa kawaida. Mama alipiga vigelegele mpaka Mgeni akaamka akilia. Tungemleta Bibi wiki hiyohiyo, kama gari lingekubali.

Halikukubali. Lilikuwa gari zuri, ila lilikuwa na mambo yake, na baba alijifunza mambo hayo moja baada ya jingine. Kwanza mkanda. Mvua ikinyesha, au oili ikidondokea, mkanda unateleza kwenye puli ya pampu, unalia, unatoa ile harufu, na nguvu zote za kupanda zinaishia hapo. Baba akawa anatembea na spana kwenye mfuko wa shati, hata kanisani. Kisha petroli. Alinunua kwa mtu wa mapipa barabarani, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na tulipoanza mlima injini ikagonga, sauti ya kokoto ndani ya kopo. Fundi Idrisa alimkemea. Alisema gari lingine lingekula takataka hiyo likakohoa tu, lakini hili upepo wake umeshindiliwa, petroli mbovu inawaka kabla ya wakati wake, na siku moja itatoboa pistoni. Pampu ina oili yake peke yake pia, kidogo tu, ya kujaa kikombe cha kahawa, na mwenye gari wa kwanza hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba imekauka.

Lililotuchekesha zaidi ni la nyoka. Siku hiyo gari lilifika karibu na nyumbani likiwa limechoka sana, na baba alipolisimamisha tukasikia chini ya boneti sauti ya fsss. Mawe yetu yana nyoka, kila mtu wa Bugarika anajua. Wanaume wakaja na fimbo, wanawake wakaondoa watoto, mzee mmoja akasema ni swila, kamsikia mwenyewe. Wakangoja atoke. Alipoitwa Fundi Idrisa, aliingiza mkono mtupu ndani ya injini mbele ya watu wote, wakapiga kelele za hofu, naye akautoa ukiwa umeshika mpira. Ulikuwa mpira unaopitisha upepo kutoka kwenye pampu, umechomoka kwenye shingo yake. Akaurudisha, akaukaza kwa bangili ya chuma, mluzi ukarudi. Yule mzee aliendelea kusisitiza kwamba swila alikuwepo, ila amekimbia.

Mwisho likabaki jambo dogo, la ea klina, yaani chujio la upepo. Kwa kwenda mwaloni na kurudi lilikuwa limejaa vumbi, baba akalipuliza kwa mashine ya upepo mpaka karatasi yake ikachanika. Alitafuta jingine Mwanza nzima. Gari lilikuwa la kipekee mno, hakuna duka lililokuwa na saizi yake. Fundi Idrisa akasema asihangaike, pikapu za hapa huwa wanazikatia sponji ya godoro na zinatembea miaka.

"Sponji?" akasema baba. "Sisi watu wa pamba tununue sponji?"

Akaenda nyumbani, akafungua ule mfuko ambao Bibi aliuleta kwa ajili ya godoro, godoro ambalo mama alikuwa anaahirisha kulishona kila Jumamosi. Akachota pamba nyeupe safi, akaiviringisha kwenye kipande cha chandarua, akaishindilia kwenye boksi la chujio. Fundi Idrisa aliibonyeza kwa vidole akasema iko safi. Wanaume wawili wazima, mmoja fundi na mmoja mwenye gari, wakapeana mikono kwa kazi nzuri. Na kwenye tambarare ilikuwa kazi nzuri kweli, maana huko pampu ilikuwa imelala, injini inajivutia yenyewe taratibu. Mji mzima tulizunguka bila tatizo, usiku gari likilala gerejini, maana baba aliutunza mlima kwa ajili ya Bibi. Baba akatuma salamu Magu kwamba njia imepatikana.

Tulimfuata Bibi Jumapili, baba, Shangazi Monika na mimi. Alitungoja mlangoni amevaa kanga mpya, amejipaka mafuta mpaka usoni. Ilichukua muda kumwingiza kwenye kiti cha mbele. Alipokaa, gari lilishuka upande wake, naye akapapasa kitambaa cha kiti.

"Ni kitanda hiki," akasema. "Na wewe, baba, umejifunzia wapi kuendesha?"

"Mwaloni, mama."

"Kwenye maji?"

Shangazi Monika aliongea toka Magu mpaka mjini. Aliongea habari za bei ya mchele, za mwanamke wa Kiseke aliyegombana na mume wake, za padri mpya. Mimi nilimnong'oneza Bibi sikioni kuhusu taa ya kijani, kwamba tukifika mlimani inabidi kubana pumzi ili gari lipate upepo. Hakucheka. Akaniuliza ni kuanzia wapi. Nikamwambia nitamgusa bega.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, mlima umelowa, mawe yanang'aa. Tulipofika chini ya Bugarika baba akakanyaga, taa ikawaka, nikamgusa Bibi bega. Tukabana. Shangazi akaendelea na habari za padri. Mluzi ukaanza, ukapanda, gari likashika kasi, tukaipita kona ya teksi. Watoto wakatukimbilia pembeni wakishangilia. Halafu mluzi ukageuka mngurumo mzito, mkanda ukalia, ile harufu ikajaa ndani, nyuma ukatoka moshi mweusi, na injini ikazimika katikati ya mlima tukiwa tunaiona nyumba.

"Mawe!" baba akapaza sauti, amekamata breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Watoto wakaweka mawe nyuma ya matairi.

Nikamgeukia Shangazi kwa uchungu wote wa moyo. "Shangazi, umemaliza upepo."

"Nimemaliza nini?"

Bibi, mashavu bado yamevimba, akatikisa kichwa kukubaliana nami.

Mtu akatumwa kumwita Fundi Idrisa. Vijana walewale wa kiti wakaja tena, na baba, jasho linamtoka, akainama dirishani. "Mama, nyumba ile pale. Acha wakubebe hapa tu."

"Nimekaa," akasema Bibi. "Gari litengenezwe."

Basi akakaa. Majirani wakaja mmoja mmoja, shikamoo Bibi, marahaba, habari za Magu, na kila mmoja alijibiwa kwa kirefu. Mtu akaleta chai, ikapitishwa dirishani. Mwingine akaleta mhogo wa kuchemsha. Mama akashuka na mtoto mpaka kwenye kona ya juu yetu akasimama hapo, kwa sababu hakutaka kuharibu utaratibu kwa kumleta karibu zaidi. Bibi akaacha kutafuna. Alimtazama mtoto kwa mbali, kwa muda mrefu, na mkono wake ukawa unayasugua yale magoti.

"Amekua," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikaogopa, maana sikujua kwamba Bibi ana sauti ndogo.

Fundi Idrisa alifika akikokota baiskeli. Akafungua boneti, akasikiliza kilichotokea, akafungua bomba linaloingia kwenye pampu, akatumbukiza vidole. Akavuta kitu cha kijivu, kirefu, chenye manyoya. "Panya," wakasema watoto kwa pamoja, kwa furaha kubwa. Fundi naye akasema inawezekana, amewahi kukuta panya kwenye injini, wanapenda joto.

"Lete nimwone," akasema Bibi.

"Bibi, ni uchafu huu."

"Lete."

Akampelekea dirishani. Bibi akakiweka kiganjani, akakichambua kidogo, akakisugua kati ya vidole viwili. Kisha akamtazama baba.

"Hii ni pamba yangu."

"Mama, pamba ni pamba," akasema baba, akitazama miguu yake.

"Hii nimeitoa mbegu kwa mikono yangu, moja moja. Ya kinuni, ya mashine, inakatika nyuzi, haiwi hivi. Nilileta godoro la mjukuu wangu. Umelisha gari?"

Fundi Idrisa akaanza kueleza kwa haraka kwamba hata yeye alikubali, kwamba kwenye pikapu ingekaa, tatizo hii pampu inavuta kwa nguvu sana ikikanyagwa, imemeza chandarua na pamba vyote. Bibi alikuwa hamsikilizi. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka gari lote likawa linatikisika na watoto wakayakumbatia yale mawe ya matairi. "Limekula godoro," akasema, akapangusa macho kwa kanga. "Jamani, limekula godoro la mtoto." Baba akacheka mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha kwamba inaruhusiwa.

Fundi alitoa pamba yote, kipande kwa kipande, na kila kipande Bibi alikidai, akakiweka mapajani. Fundi akaizungusha puli kwa mkono, akaweka sikio. Alisema tuna bahati, pamba ni laini, mapanga hayajakwaruzika, ungekuwa mchanga tungekuwa tumeagana na pampu. Akakaza mkanda. Alisema kwa kuwa mvua imelaza vumbi, tunaweza kumalizia kipande kilichobaki bila chujio, ila kesho asilione gari barabarani mpaka chujio la kweli lipatikane. Baba akaapa.

"Monika," akasema Bibi, "wewe shuka, utembee. Unaongea sana."

Shangazi akashuka akilalamika, na mimi nikaona haki imetendeka. Injini ikawaka. Baba akakanyaga, taa ikawa kijani, mawe yakaviringika nyuma yetu. Sikuhitaji kumgusa Bibi bega, alikuwa ameshabana, macho ameyafumba, mikono imeikumbatia ile pamba ya kijivu. Mluzi ukapanda, ukapanda tena. Baba naye, nilimwona kwenye kioo, alikuwa amebana pumzi. Tukampita mama kwenye kona, akatukimbilia kwa nyuma na mtoto, na gari likafika kwenye jiwe letu likasimama.

Bibi akapumua kwanza. Alishuka mwenyewe, akakataa mkono wa baba, akatembea mpaka mlangoni kwa hatua fupi akishika ukuta. Akageuka, akalitazama ziwa lote lililokuwa chini yake, ambalo alikuwa hajawahi kuliona kwa juu. Kisha akakaa kwenye kizingiti. Mama, akihema, akamweka mtoto mapajani mwake. Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Malimi," akasema.

Baba akageuka upande wa ziwa ghafla. Mama na Shangazi wakatazamana. Mimi sikuona la ajabu. Lilikuwa jina la babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Lilikuwa jina la pili la baba na jina langu la tatu kwenye daftari la shule. Ilibidi Shangazi Monika anieleze baadaye, na alieleza kwa kunong'ona, yeye ambaye hakuwa anajua kunong'ona. Wanawake wa umri wa Bibi, kwetu, hawakutaja jina la mume. Hawakulitaja akiwa hai, hawakulitaja akishakufa. Bibi aliolewa msichana, akazaa, akazeeka, akazika, na siku zote babu alikuwa "mwenye nyumba". Hata muuza duka mmoja wa Magu aliyebahatika kuwa na jina hilohilo, alimwita "mwenye duka". Lakini mjukuu si mume. Mjukuu anaitwa kwa jina lake.

"Malimi," akamwita tena, kwa sauti ya juu kidogo. Mtoto aliyezoea Mgeni na Sangara aliendelea kutafuna ncha ya kanga. "Malimi," akasema Bibi, na safari hii sauti yake ilikuwa ya msichana.

Alikaa nasi mpaka mvua zilipokwisha. Nilikuwa nikitoka shule mchana, nikiwa bado kule chini kabisa Igogo, kabla hata sijaanza kupanda, namsikia kutoka juu ya mawe, anaita Malimi, anangoja kidogo, anaita tena, anamwita mtoto aliyekuwa amekaa mapajani mwake, hajaenda popote.